Mtoto wa miezi mitano atalala wapi safarini? Naenda Leicester na kila mtu ana neno lake

Bi Cherehani, Kibokoni

Assalaam alaykum wenzangu.

Nina kijana wa miezi mitano, kliniki juzi kapimwa kilo saba na nusu. Mwisho wa mwezi huu inshaallah naenda naye Leicester, Uingereza, kwa dada yangu, wiki sita. Shemeji kafanyiwa upasuaji wa goti, dada ana watoto watatu na kazi ya zamu, basi naenda kumshika mkono. Baba mtoto anabaki na duka. Viza imetoka, tikiti imekatwa, tunatokea hapa Mombasa, uwanja wa ndege wa Moi, tunapitia Addis. Hayo yamekwisha. Kilichobaki ni usingizi wa mtoto, na hapo ndipo nimeshikwa kila upande.

Hapa nyumbani tumelala hivi tangu arubaini iishe. Godoro liko chini juu ya mkeka kwa sababu ya joto. Mtoto upande wa ukuta, mimi katikati, babake mwisho. Neti moja juu yetu sote, feni inazunguka. Kavaa nepi na fulana, siku nyingine nepi peke yake, na leso moja ambayo kufika alfajiri ishateremka miguuni. Kazaliwa Agosti, soksi hazijui.

Sasa dada kanitumia picha ya chumba. Kitanda cha watu wawili, godoro lile la kuzama, duveti mbili nene na mito sita, nimeihesabu. Kasema, "Mtalala humu humu nyote wawili, hamtahisi baridi." Kwenye dari la nyumba kuna pia kitanda cha mtoto cha kifungua mimba wake, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na ndevu zaanza. Upande mmoja wa kitanda hicho unashuka ukibonyeza. Anasema nikitaka atakiteremsha.

Mama mkwe naye kamshonea mjukuu kijimto cha sufi, cha kukiweka kichwa sawa maana kimebonyea kidogo nyuma kulia, na anataka kijimto kisafiri. Jirani asema nimnunulie kitanda cha kukunja. Mwingine kaniambia ndege zina kitanda cha mtoto, mwenzake akamkatiza akasema uongo, yeye aliomba akaambiwa hakuna, akambeba mtoto usiku kucha.

Basi nauliza. Kwenye ndege atalala wapi? Kwa dada atalala wapi? Na baridi ile nimvishe nini akilala, kama ni kweli blanketi halitakiwi? Nashona madera, cherehani ipo, kama kuna cha kushona nitashona. Ila tafadhali msiniambie nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi nishakuwa nao, nataka majibu.

---

Mama Twalib, Majengo

Waalaykum salaam shoga. Nilikwenda Birmingham na wangu akiwa wa miezi minne, kwa hiyo nakuambia nililoliona.

La ndege kwanza. Kitanda kipo, jirani yako wa pili hakudanganywa, alichelewa tu. Ni kama kikapu kinachofungwa kwenye ule ukuta mbele ya safu ya kwanza ya kila sehemu, na safu hizo ni chache. Huombi ukifika kaunta. Piga simu kwa shirika au ofisini kwao leo, wape namba ya tikiti, sema una mtoto wa mapajani na unataka kiti cha ukutani chenye kitanda. Kila shirika lina kikomo chake cha uzito, mengi ni kilo 10 au 11 hivi, wako wa saba na nusu ataingia. Kisha siku mbili kabla ya safari piga tena uthibitishe. Mimi sikupiga mara ya pili, nikafika nikakuta kiti changu kishapewa mtu mwenye miguu mirefu. Tukabishana pale na mtoto analia. Mwisho akahama, Mungu ambariki, lakini alininunia mpaka tunashuka.

Na ujue kitanda hicho hakilaliwi safari nzima. Taa ya mkanda ikiwaka unamtoa, amelala hajalala. Ndege ikiruka na ikitua yuko mapajani, amefungwa mkanda wake mdogo wa kuongezea unaopita ndani ya mkanda wako. Usimtie ndani ya mkanda wako wewe, ndege ikikita breki mwili wako wote unamgandamiza yeye.

Lakini sababu ya mimi kuandika si ndege. Ndege kila mtu yuko macho. Nilipofika kule ndipo.

Nilikuwa sijalala tangu Mombasa, si chini ya masaa ishirini. Wenyeji wamenipikia, wamenitandikia, nimeoga. Saa nane usiku mtoto akaamka, na kwa kuwa sitaki aamshe nyumba nikateremka naye sebuleni nikamnyonyeshe kwenye kochi. Kochi la ngozi, pana, laini, hita pembeni inawaka. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilisema nifumbe macho kidogo. Nilipoyafungua kulikuwa kumekucha na kifuani hapana mtoto. Alikuwa ameteleza akaingia kati ya ubavu wangu na mgongo wa kochi, uso umeelekea ndani kwenye ile ngozi. Nilimvuta mguu. Alikuwa mwekundu, jasho tupu, akashtuka akalia.

Sijamwambia hata mume wangu, nawaambia nyinyi. Hapa Majengo nimelala naye godoro moja miezi minne bila jambo, na siku ya kwanza tu ugenini nikafanya lile. Basi kabla hujauliza kitanda gani, amua utamnyonyeshea wapi usiku ule wa kwanza. Kochini usikae. Mwambie dada yako akae macho na wewe, au mpe yeye mtoto amshike, ulale wewe kwanza.

---

Nesi Mstaafu, Tudor

Mama Twalib, umefanya vyema kulisema. Kochi na kiti cha mkono ndipo mahali pabaya kuliko pote pa mzazi kusinzia na mtoto. Kitanda cha kawaida kina hatari zake lakini angalau ni bapa, kochi lina bonde.

Bi Cherehani, nimefanya kazi ya wodi ya wazazi na kliniki ya watoto miaka thelathini na mbili, nikastaafu. Nitakujibu kirefu, unisamehe.

Jambo lenyewe ni dogo kulieleza. Mtoto chini ya mwaka alale chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku, mahali pagumu na bapa, peke yake hapo alipo, bila mto, bila duveti, bila mwanasesere. Kitanda chake kiwe chumba kimoja na wewe, angalau miezi sita ya mwanzo. Asiwepo mvuta sigara. Asipate joto jingi. Hayo yanafuatwa Uingereza, Marekani, na hapa kwetu kliniki tunayasema ingawa foleni haituachi tukayasema vizuri.

Zamani sivyo walivyofundisha. Miaka ya 1970 na 1980 wauguzi wa Ulaya waliwaambia akina mama wawalaze watoto kifudifudi, wakiogopa atatapika apaliwe. Watoto wakawa wanakutwa wamekufa asubuhi, hakuna ugonjwa, hakuna jeraha. Mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alimpoteza mwanawe Sebastian mwaka 1991 namna hiyo. Alipata habari kwamba New Zealand walikuwa wameshaanza kuwaambia wazazi wawageuze watoto, akashinikiza mpaka kampeni ikaanza Uingereza mwisho wa mwaka ule ule. Vifo hivyo vikashuka zaidi ya nusu kwa muda mfupi. Dawa haikuwepo wala mashine, ni kumgeuza mtoto tu. Na kupaliwa kule walikokuogopa hakukuongezeka, maana akilala chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kinachorudi kinashuka kilikotoka.

Sasa yako. Kitanda cha picha ile, hapana. Duveti inamfunika uso, naye miezi mitano mikono haina akili ya kuiondoa. Godoro la kuzama linakuvuta wewe katikati, na yeye anabingirika kuja kwako. Hapo penu Kibokoni godoro liko chini, nadhani ni gumu, hakuna duveti, feni inapuliza. Hata hivyo ule upande wa ukuta uache. Mtoto huteleza akakwama kati ya godoro na ukuta. Vuta godoro lije katikati ya chumba, neti mtaizidishia kamba.

Kule mwambie dada akupatie kitanda cha kukunja cha mtoto, akiazime au akinunue, akiweke ubavuni mwa kitanda chako. Godoro lake utalishika utasema hili ubao. Liache hivyo hivyo, usiongeze lingine juu.

Baridi. Wao Uingereza wanashauri chumba cha mtoto kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Kwetu hiyo ni baridi ya kutetemeka na mkono utakwenda kwenye hita wenyewe. Uzuie. Mtoto aliyepashwa moto kupita kiasi yuko hatarini zaidi kuliko aliyepoa kidogo. Tumia mfuko wa kulalia, ule wa kuvaliwa kama gauni, wenye matundu ya mikono na chini umefungwa, kwa hiyo hakuna cha kupanda usoni. Mifuko hiyo ina kipimo cha kuhifadhi joto kinaitwa tog. Wa 2.5 ni wa chumba cha nyuzi 16 hadi 20, wa 1 ni wa chumba cha 20 hadi 24. Ndani yake avae nguo ya mwili mzima ya pamba, basi. Kofia ndani ya nyumba aivue, mtoto hupoza mwili wake kwa kichwa. Ukitoka naye nje kwenye baridi ukarudi, mvue koti hata kama amelala na utamwamsha.

Ukitaka kujua amepoa au amechemka, usishike viganja wala nyayo, hizo huwa baridi kila siku. Ingiza vidole viwili kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho punguza nguo.

Kijimto cha sufi kibaki kwa nyanyake, au kisafiri sandukuni kwa mapenzi. Kichwa kilichobonyea kinatengenezwa mchana: mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe unamtazama, mara nyingi kidogo kidogo, na usiku badilisha upande anaotazama. Akianza kukaa kitajijaza.

---

Shangazi wa Kuze

Mimi nimelea saba na wote wako hai, wawili wako huko huko kwa baridi. Nimelala nao kitandani, wengine nimewalaza kwenye mlezi wa kamba, kile kitanda cha kubembeza, nimewafunga leso miguu na mikono kama samaki wa kukaanga. Mto wa sufi wamelalia, vichwa viduara kama madafu. Mtoto wa Kiislamu hulala na mamake, hulala ananusa maziwa. Mtoto akawekwe kwenye sanduku lenye fito peke yake usiku, ndio maana wazungu wakizeeka wanawapeleka wazee wao nyumba za kulelewa.

Wala simlaumu Nesi, kasoma. Lakini na sisi tumesoma kwa macho.

---

Nesi Mstaafu, Tudor

Shangazi, hilo la nyumba za wazee limenichekesha mpaka chai imenimwagikia.

Sikupingi kwamba walilala salama. Wengi sana hulala salama. Lakini mimi katika miaka yangu ya kazi nimepokea watoto waliofika wamepoa, na mama zao walikuwa wamewapenda kama ulivyowapenda wako. Na kila mara aliyefika na mtoto wake alisema vile vile, jana alinyonya vizuri.

Kumfunga leso hakuna neno akiwa mdogo kabisa, amelala chali, nyonga zimeachiwa nafasi. Ila akianza kujaribu kugeuka, kumfunga basi, kwa sababu akigeuka kifudifudi na mikono imefungwa hawezi kujinyanyua. Huyu wa miezi mitano kwake imeshapita.

Na la kulala karibu na mama, uko na haki na wala si la Waislamu peke yao. Wamaori wa New Zealand wana kikapu kinaitwa wahakura, wanakisuka kwa majani ya mmea wao wa harakeke, kinawekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko pale pale ananusa maziwa, lakini ana ukingo wake, duveti haimfikii na mgongo wa mama haumfikii. Nilipokiona kwenye picha nilisema hawa wangepewa ukindu wetu wangefurahi.

Jambo moja zaidi shangazi, uzi wa hirizi shingoni. Simgusi mtu imani yake. Usiku uvuliwe uwekwe mahali, uzi unanasa.

---

Shangazi wa Kuze

Hirizi ifungwe kiunoni. Hilo nakubali, hata bibi yangu alisema shingoni ni kutafuta balaa.

---

Baba Nasra, Bamburi

Nisamehewe kuingia baraza la kina mama. Nimefanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini huku pwani ya kaskazini miaka kumi na moja, na vitanda vya kukunja vya watoto nimevifungua sijui mara ngapi. Mambo mawili matatu.

Kitanda cha kukunja kina utaratibu, na watu wanakosea ndio maana kinawaangusha. Vuta kwanza zile reli nne za juu mpaka kila moja ilie "tak". Katikati ya chini bado iko juu wakati huo, iache. Reli zote zikishajifunga ndipo unaisukuma katikati ya chini kwa kiganja. Ukianza na chini, reli hazifungi sawa, zinasimama kwa uongo. Ukimaliza, egemea kila reli kwa uzito wako. Ikikunjika mbele yako afadhali, kuliko ikunjike saa nane usiku na mtoto shingo iko hapo. Hotelini tulikuwa na kimoja reli yake ililegea, nikasema kitupwe, wakubwa wakasema kitengenezwe. Nilikificha nyuma ya mashine za kufulia mpaka wakakisahau.

La pili, godoro. Wageni karibu wote walikuwa wanatupigia simu, godoro jembamba, leteni duveti tulikunje tuweke chini. Tukipeleka tunasababisha balaa. Sakafu laini mtoto uso unazama, na godoro la kuongeza halifiti, linaacha mwanya pembeni ambamo kichwa kinaingia. Nilijifunza kuwaambia tu kwamba hilo ndilo godoro lake, kimekuja nalo.

Sasa kitanda cha darini cha dada yako. Miaka kumi na minne na upande unaoshuka? Kiache huko huko. Marekani walipiga marufuku kuviuza mwaka 2011, vilikuwa vimehusika na vifo vya zaidi ya watoto 30, ule upande ukichoka unaachia kona na mtoto anakwama penye mwanya. Halafu cha kale huwa kimepotea skrubu moja, mtu katia msumari. Ukikutana na kitanda chochote cha fito popote duniani na huna rula, chukua kopo la soda. Likipita kati ya fito mbili, hicho si cha mtoto. Na zile sponji za kuzungushia ndani ya fito zinazopendeza, ng'oa. Marekani zile nene nazo zimekatazwa kwa sheria tangu 2022, pamoja na vile vitanda vya mtoto vilivyoinuka upande wa kichwa.

Ukilala hoteli njiani, mwambie mtu wa vyumba akifungue mbele yako. Usione haya. Mimi nilikuwa napenda mgeni anayeuliza.

---

Bi Cherehani, Kibokoni

Mungu awape kila la kheri. Mama Twalib, nimesoma yako nikaenda kumwangalia mtoto amelala, nikarudi nikaisoma tena. Nimempigia dada nikamsimulia bila kutaja jina. Alinyamaza, kisha akasema kochi lao ni la ngozi vile vile. Kitanda cha kukunja atakiazima kwa mwenzake wa kazini.

Shirika nimelipigia, mara ya tatu wakashika. Kitanda kimewekwa Addis kwenda London. Cha Mombasa kwenda Addis hawana, ni safari fupi, nitambeba.

Jana nilishuka Biashara Street nikapata kitambaa cha flaneli ya pamba, mita mbili. Swali langu kwa Bi Nesi, nikishona mfuko nitajuaje tog yake? Na nini nijihadhari nacho?

---

Nesi Mstaafu, Tudor

Hutajua. Ule wa dukani umepimwa kwa mashine, wako utaupima kwa vidole vyako viwili shingoni mwake. Kwa hiyo ushone mwepesi, usitie sufi wala sponji katikati, na baridi ikizidi ongeza nguo ya ndani badala ya kuongeza mfuko. Ukifika kule, dada akununulie mmoja wa 2.5 wa dukani wa kulalia usiku, wako uwe wa safarini na wa mchana.

Pa kuogopa ni shingo na makwapa. Tundu la shingo likiwa kubwa, mtoto atazama ndani ya mfuko kama kobe. Likishafungwa, kichwa kisiweze kupita kabisa. Kamba, riboni, vifungo vya kuning'inia, hapana. Na usitie kofia.

Halafu nilisahau kiti cha gari. Dada atakuja kuwapokea na kiti cha mtoto, na ndivyo inavyotakiwa, kwenye gari akae humo amefungwa. Mkifika nyumbani amelala humo, mtoe. Usimwache aendelee kulala humo mezani eti asiamke. Amekaa nusu, kidevu kinaangukia kifua na njia ya hewa inajikunja. Kwa safari ndefu simameni mumnyooshe, kule wanashauri isizidi masaa mawili mfululizo.

---

Bi Cherehani, sasa Leicester

Nimefika salama, siku ya sita leo. Nilisema nitarudi, nimerudi.

Addis ilinishtua kuliko Leicester. Tulishuka usiku kwa ngazi, upepo wa mlimani unakata masikio, na mwanangu ana fulana ya Mombasa. Nilimvisha mfuko wa flaneli hapo hapo kwenye viti, mama mmoja wa Kihabeshi akanishikia. Ndege ya pili kitanda nilikipata. Alilala humo kama saa moja na robo, taa ikawaka nikamtoa, akalala, ikawaka nikamtoa. Mara ya tatu sikumrudisha, nilimshika mkononi nikaangalia ramani ya ile skrini mpaka tukaivuka bahari. Usingizi ulinijia juu ya Misri, na mhudumu ndiye aliyeniona kichwa kinaanguka akasema atamshika dakika kumi. Nilimpa.

Usiku wa kwanza nilifanya alivyosema Mama Twalib. Nilimkabidhi dada mtoto saa moja jioni nikalala mpaka saa nne, ndipo nikachukua zamu. Ninanyonyeshea kwenye kiti cha jikoni, cha mbao, hakina mikono. Mgongo unauma lakini hakisinziliki.

Kilichonisumbua ni saa, na hilo hamkuniambia. Huku tuko nyuma masaa matatu. Saa tisa ya usiku wa huku kwake ni saa kumi na mbili asubuhi, basi anaamka macho meupe, anacheka, anapiga miguu mfuko wote unatikisika, anangoja mwadhini na kelele za mikokoteni. Usiku wa pili nilichoka nikamtoa kitandani mwake nikamweka kwangu. Nilipoona mkono wangu unavuta duveti nilimrudisha. Akalia nusu saa, nimetia mkono wangu ndani ya kitanda chake juu ya kifua, nimelala kifudifudi ukingoni mwa kitanda changu na bega limekufa ganzi. Sasa ameanza kusogea, leo kaamka saa kumi na moja kasorobo.

Hita ilikuwa vita. Shemeji na goti lake anataka nyumba iwe nyuzi 24. Dada ana kile kipimajoto cha yai kinachobadilisha rangi, kilikuwa chekundu. Mtoto nyuma ya shingo maji. Tumeifunga hita ya chumba chetu tu kwa ule mfereji wa pembeni, sasa kipo 18 na mimi ndiye ninayelala na soksi mbili na skafu. Yeye kakaa na mfuko wake wa 2.5, mikono nje, vidole baridi kama barafu, kifua vuguvugu. Siku tatu za kwanza nilivibusu vile vidole nikalia. Sasa nishazoea.

Mama mkwe anapiga simu ya video kila jioni na jambo la kwanza anauliza kijimto kiko wapi. Nimemwambia kinatumika. Kinatumika kweli, nakiweka chini ya kiwiko changu nikinyonyesha kwenye kile kiti cha mbao.

---

Mama Twalib, Majengo

Alhamdulillahi. Basi tupe vipimo vya huo mfuko, wifi yangu anasafiri mwezi wa tatu na wake wa miezi minne.

---

Bi Cherehani, sasa Leicester

Kila mtoto apimwe mwenyewe, msinakili wangu. Wangu shingo yake ni sentimita 23, nimekata tundu likakaa 26 likishafungwa, kidole kimoja kinapita vizuri na kichwa hakipiti. Bega mpaka kisigino ni 50, nimeongeza 12 za kupiga mateke. Chini nimepanua kama dera, nyonga zicheze. Makwapa nilikata mara ya kwanza makubwa mno, mkono wote ukaingia ndani, nikafumua nikatia kipande.

Zipu ndefu ya mbele, na hapa ndipo nilipofanya kosa. Niliishona kama ya dera, inafungwa kwenda juu, kile kichuma kikawa chini ya kidevu na siku ya kwanza akakitia mdomoni. Nimeigeuza kwa mkono hapa jikoni kwa dada, sasa inafungwa kwenda chini na kichuma kiko miguuni. Huyo wifi yako aishone hivyo tangu mwanzo.